Filamu Ulizotuma Badala ya Kuja

Kakuma, tarehe 9 Desemba 2012

Kaka yangu Majak,

Nakusalimu mimi, anakusalimu Mama, na kuku wawili waliobaki baada ya yule wa tatu kuingia kwenye sufuria ya mtu tusiyemjua nao wanakusalimu. Sisi wazima. Mama anakohoa asubuhi tu, akishakunywa chai kikohozi kinaisha. Mvua imenyesha mara moja, laga, huu mto wetu mkavu, likafurika, likabeba choo cha jirani yetu Nyaluak, na kesho yake likawa mchanga mtupu tena. Nyaluak anasema afadhali choo kimepata kusafiri, yeye bado yuko hapa.

Umeuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu iko. Simu ya nyumba hii Mama huiweka sauti ya juu, na ukipiga wewe mtaa mzima unakuja kukaa. Karatasi naisoma peke yangu.

Akidor, yule muuza makaa, ameleta bahasha yako. Alisimama mlangoni na magunia yake matupu ya makaa akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok! Ndugu yako ametuma zile vitu ya kuzunguka." CD tatu, moja imekwaruzwa, inaruka kila mahali penye damu. Ile ya baba aliyetoka kaburini tumeionyesha Jumatano. Unakumbuka banda la mabati la Zéphyrin, yule Mkongomani? Jumamosi anawatafsiria wanaume mwenyewe kwa kipaza sauti. Jumatano mchana ananiachia mimi niwatafsirie wanawake kwa Kidinka. Majina ya Kizungu hayakai midomoni mwao, kwa hiyo kila mtu wa filamu nampa jina la nyumbani. Baba wa kaburini nilimwita Ajang, mkewe Achol. Zéphyrin anacheka, "Dada Agot, wewe iko nabatiza batu kupita padri."

Maoni yangu: filamu ya kawaida. Mzee anafufuka, anakuja kukaa kwenye kiti chake, familia inapiga mayowe dakika tisini. Hakuna mwanamke aliyeogopa hata mmoja. Nyaluak aliuliza kwa nini hawampi chakula. Mwingine akasema watu hawa hawana akili, wao mfu akirudi wanakimbia, sisi mfu asiyeacha mtoto tunamtafutia mke. Banda zima likacheka. Mimi sikuogopa wala sikucheka. Siku hizi filamu zinapita mbele yangu kama malori ya chakula, nahesabu tu kwamba yamepita.

Mama anauliza kama umesikia lolote kuhusu Kuol. Tangu kaka yetu mkubwa aondoke kwenda Bor, kule Sudan Kusini, mwezi wa tatu, hajapiga. Bakuli lake la bluu bado liko pale pale, na hakuna ruhusa ya mtu mwingine kulitumia.

Ni mimi mdogo wako asiye na jipya,
Agot


Lodwar, tarehe 20 Januari 2013

Agot mdogo wangu,

Mwaka mpya umenikuta kazini, na mpaka sasa sijaona tofauti yake na ule wa zamani. Mimi mzima, chumba kizima, paa linachoma. Msalimie Mama sana, mwambie anunue dawa ya kifua, asingoje kikohozi kichoke chenyewe. Choo cha Nyaluak nikikiona kikipita hapa mjini nitakishika.

Barua yako imechelewa kwa sababu Akidor alikwenda kwao Namoruputh, mbuzi wake walikuwa wanazaa. Alinipa bahasha inanuka maziwa.

Duka la Ngugi linaendelea. Asubuhi natengeneza simu, mchana narekodi CD. Ngugi hapendi filamu hizi lakini anapenda zinavyouzika. Juzi akaniambia, "Wee Majak, hii mashetani yako inalipa kodi kuliko mimi." Tulikuwa na ile ya mnyama wa ziwani, anayekula vijana waliokwenda kupiga kambi. Mvuvi mmoja kutoka Kataboi alisimama mlangoni akaitazama yote bila kununua. Mwishoni akasema, "Huyo ni mamba tu. Wamemvalisha." Akaenda zake. Naona alisema kweli. Mnyama mwenyewe anatembea kama mtu aliyevaa gunia, na wale vijana wanarudi majini kila baada ya mwenzao kuliwa. Mtu wa Turkana asingekufa katika filamu hiyo. Ingekwisha dakika ya tano.

Yule Chepchumba niliyekutajia, karani wa ofisi ya mifugo, huja saa za chakula kutazama. Anakula mandazi huku watu wanachinjwa. Nilimwuliza kama haogopi, akasema, "Mimi naogopa tu barua za kutoka Nairobi." Ni mtu mzuri. Nakuambia wewe, usimwambie Mama bado.

Kuhusu Kuol sina habari. Njia za huko ni mbovu na simu hazishiki. Ningekuja Krismasi ila kibali changu cha kusafiri kimekwisha muda, na ofisini wananiambia njoo kesho.

Natuma mbili. Ya pili ni nzuri kidogo, ina watu wa angani wenye macho mengi.

Nduguyo anayetokwa na jasho,
Majak


Kakuma, tarehe 17 Februari 2013

Kaka,

Salamu. Mama anakohoa bado, dawa amekunywa. Kuku amebaki mmoja. Nyaluak amechimba choo kipya, mbali na laga safari hii, na amekifungua kwa maombi.

Watu wa macho mengi niliwatafsiri. Wanawake waliwapenda. Walikuja duniani, wakachukua maji yote ya mji, wakaenda. Mama Arek akasema, "Hata hawakutuuliza tuko wangapi," na filamu ikaishia hapo, kwa sababu baada ya neno hilo hakuna aliyetazama tena. Zilibaki dakika arobaini za kurushiana moto.

Sasa kaka, nisikilize. Nilikuwa bombani na Arek mwenyewe, dada yake Mabil. Aliniambia Mabil alishuka na lori kutoka kule Bor mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, akalala kwako siku mbili kabla ya kuendelea Kitale. Aliniambia Mabil alikuwa na Kuol njiani. Aliniambia na mengine. Aliyasema polepole huku mtungi wake umejaa na maji yanamwagika, na watu wa nyuma yetu wanatugombeza. Nilijibu, "Haya." Nikabeba mtungi wangu, nikaja nikapika dengu, nikaonja chumvi ikawa sawa.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba huna habari, ulikuwa nayo wiki saba au nane. Sikugombezi. Mimi mwenyewe ninayo hii wiki ya pili na nimeikalia vilevile.

Neno lenyewe sitaliandika. Unajua Baba alivyotuachia: habari ya namna hiyo hailetwi kwa karatasi wala kwa simu, na haisemwi na mwanamke. Huletwa kwa miguu, asubuhi, na mwanamume wa nyumba, na anayeambiwa awe ameketi chini. Baba hayupo, wajomba wako Kanada. Mwanamume wa nyumba umebaki wewe. Ni kilomita mia na ishirini tu, Majak. Akidor anakuja na kurudi na magunia.

Kila siku Mama anauliza kama Akidor ameleta kitu. Namwambia ndiyo, filamu.

Anayekungoja,
Agot


Lodwar, tarehe 21 Aprili 2013

Agot,

Mimi mzima. Ngugi mzima. Uchaguzi ulifunga ofisi zote, baada yake ikaja Pasaka, na Akidor nilimkosa mara mbili. Hizo ndizo sababu zangu, na najua unazisoma huku umekunja uso.

Nimetazama filamu ya mtu aliyetengenezewa pacha kwenye maabara. Yule wa kwanza anakufa kiwandani, kampuni haitaki kelele, inampeleka pacha nyumbani. Pacha anavaa viatu vyake, analala upande wake wa kitanda, mke hajui. Ngugi alisinzia. Chepchumba alisema mke alijua tangu siku ya kwanza, ila ameona bora mtu kuliko kiti kitupu. Mimi nilimwangalia yule pacha tu. Kila mtu anamwita kwa jina la marehemu, naye anaitika. Hakuna popote katika filamu hiyo mtu alipomwuliza jina lake.

Nilitaka kuishia hapo lakini wewe ni mtu wa kuuliza, basi nakuandikia. Ndiyo, Mabil alilala kwangu. Aliniambia akiwa ameshika kikombe changu. Kuol alishikwa na homa ya siku nne, njiani, macho yalikuwa ya manjano, wakamwacha kando ya barabara chini ya mawe na wakaendelea kwa sababu lori si lao. Nilimshukuru kwa kuniambia. Alipokwenda kulala nilirudi dukani nikarekodi CD kumi na nane, sikuharibu hata moja. Nilikuwa nangoja kitu kije. Hakijaja mpaka leo. Nakula, naoga, natengeneza simu za watu. Nadhani mimi ni mtu mbaya, lakini hata hilo nalisema tu, halinichomi.

Na kwa nini siji? Unajua. Kuol ndiye mkubwa wetu na hakuoa. Siku nitakayosema mbele ya Mama, wazee wa ukoo huko kambini watakaa, na kabla matanga hayajakwisha watanigeukia. Mke wa kwanza nitakayemwoa ni wa Kuol. Watoto nitakaozaa naye ni wa Kuol, wataitwa kwa jina lake, nami nitakuwa baba mdogo kwa damu yangu mwenyewe. Nimeuona mzigo huo kwa wengine na niliuona wa haki, mtu asipotee kabisa duniani. Lakini nimeshampata Chepchumba. Nitamwambiaje kwamba nataka kumwoza kwa mtu asiyekuwepo? Nikikaa kimya, Kuol yuko Bor na simu hazishiki, na mimi ni Majak.

Natuma filamu ya chombo cha angani. Ndefu, lakini ina mama mmoja mzuri.

Msalimie Mama. Mwambie kibali bado.

Majak


Kakuma, tarehe 2 Juni 2013

Kaka Majak,

Mama hajambo, yaani anatembea. Kuku wa mwisho ametaga. Hayo ndiyo mema ya nyumba hii, sasa nakupa mengine.

Ile filamu ya chombo cha angani tuliionyesha Jumatano ya tarehe 22 Mei, na Mama alikuja. Hajawahi kuja bandani hata siku moja, anasema panamkaba pumzi. Siku hiyo alichukua kigoda chake akasema, "Leo nataka kuona hizo anazotuma Majak." Akakaa mstari wa kwanza, karibu na jenereta.

Wewe umeiona. Kijana amekwenda angani, amekufa huko mwaka wa kwanza, na wenzake wanaogopa kumwambia mama yake. Kuna mashine inayojua sauti yake. Kila mwezi inampigia: mama, mimi mzima, kazi nyingi, nitakuja. Miaka inakwenda, mama anazeeka, sauti ni ileile. Yule kijana nilimpa jina la Deng. Saa moja na nusu alikuwa Deng. Mama aliitazama vizuri, hata alicheka mahali pale chai inapoelea.

Halafu anakuja yule ofisa mwishoni, anavua kofia, anamwambia mama. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nilisema kwa Kidinka, "Mama, Kuol amekufa. Ilikuwa homa, njiani. Wamemweka chini ya mawe."

Kwenye filamu amekufa kwa kukosa hewa, Majak. Nani anakufa kwa homa angani? Hakuna njia, hakuna mawe. Yalitoka tu, kwa sauti ileile ya kutafsiri, hata sikujua mpaka nilipoona wanawake wote wameacha kutazama ukuta wananitazama mimi. Arek alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Zéphyrin haelewi Kidinka, lakini alikuja akanigusa bega, "Dada, iko nini? Nizime?" Mama akainua mkono kwamba asizime. Akaitazama mpaka majina ya mwisho yakapita, yale madogo ambayo hakuna mtu anayeyasoma.

Nimemwambia mama yangu kifo cha mwanawe kwa kipaza sauti, mbele ya wanawake arobaini, katikati ya sinema. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo. Naona aibu, na najua naiona kwa sababu karatasi mbili nimeziandika nikazichana. Angalau mikono inafanya kitu.

Njiani Mama alitangulia mbele. Nyumbani akawasha moto, akapika, akapakua, akaliweka bakuli la bluu mahali pake. Kisha akaniambia, "Leo nimesikia sinema. Sinema si habari. Aliyetumwa kuniambia bado hajafika."

Wazee walikuja kesho yake, watatu, wamevaa vizuri. Akawarudisha mlangoni. Aliwaambia hajaambiwa kitu na mtu yeyote wa nyumba yake, kwa hiyo hana msiba, waende wakapumzike. Arek alikuja kulia naye, akamkataza. Hajalia mpaka sasa, Majak. Siku ya kumi na moja. Anafagia, anakwenda bombani, anakaa na kile kifua chake, na kilio kimo ndani hakina ruhusa ya kutoka. Ruhusa iko mfukoni mwako huko Lodwar.

Nilimwuliza kama nikuandikie. Akasema, "Mwandikie aje na mdomo wake. Zile CD aziache."

Ya mke hajayataja hata kidogo. Wewe ndiye unayemwoza Kuol kabla watu hawajamlilia. Nilikuwa naona una sababu. Sasa sioni.

Sikutumii salamu nyingine,
Agot


Lodwar, tarehe 19 Juni 2013

Agot mdogo wangu,

Akidor alinikuta dukani. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama. Nikamwomba Ngugi ruhusa, akauliza ni ya nini, nikasema kuna msiba nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Akatoa kofia akasema, "Pole sana, kijana. Umefiwa lini?" Nikamwambia Novemba. Akaniangalia sana, halafu akaenda mwenyewe kufunga mashine.

Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya mifugo. Chepchumba alitoka, tukakaa kwenye benchi la nje na wachungaji wa Nakalale waliokuja kuulizia chanjo. Nilimwambia yote, kwa mpangilio mbaya. Mke wa Kuol, watoto wa Kuol, baba mdogo. Nilitarajia ainuke. Akasema, "Na hiyo ndiyo ulikuwa unaficha miezi yote? Wewe Majak! Kogo yangu, yaani nyanya, alioa mwanamke mwenzake, akapata mtoto wa kurithi boma. Huyo mtoto ni baba yangu. Unafikiri kwetu hakuna mambo?" Wachungaji wakacheka, wale wanaojua Kiswahili.

Halafu akaniuliza kitu kingine. Akasema, "Huyu Kuol unataka niitwe mke wake. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema alikuwa mrefu. Agot, unakumbuka ile shuka waliyofunga kati ya miti miwili mwaka ule tulipofika Kakuma, wakatuonyesha filamu ya kwanza, ile ya mnyama mwenye meno? Ulikuwa mgongoni kwa Mama. Mimi nilikaa mbele ya Kuol. Kila mnyama alipotokea aliniziba macho kwa kiganja chake, lakini vidole aliviachanisha kidogo, kwa sababu alijua natamani kuona. Hicho ndicho nilichokuwa nataka kumwambia Chepchumba. Nilifika kwenye vidole, nikashindwa. Nililia kwenye benchi la serikali, mchana kweupe, kwa sauti, mpaka mzee mmoja wa Nakalale akanimwagia maji ya chupa yake kichwani. Inauma, Agot. Inauma vibaya sana. Sikujua kwamba ilikuwa ipo muda wote.

Kuhusu kuolewa hakusema ndiyo wala hakusema la. Amesema hayo yangoje, kwanza twende tukamlilie. Ameomba siku nne kazini. Mwandalie mahali pa kulala.

Kibali nilikuwa nacho tangu Februari.

Barua hii Akidor anatangulia nayo, na hana mzigo mwingine wangu. Tutafika Ijumaa jioni lakini tutalala kwa Zéphyrin. Jumamosi asubuhi mkalishe Mama chini, mlangoni, atazame njia. Akiniona nakuja kwa miguu asisimame.

Majak